Shule Iliyojengwa na Ndovu

Siku chache baada ya kumzika baba yangu huko Webuye, nilirudi Kianda, mtaani Kibera, kufunga chumba chake. Kazi ilikuwa nyepesi, maana vitu vyake vilikuwa vichache, mpaka nilipolivuta lile sanduku la mbao alilokuwa akilisukuma chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na sindano nene zilizofungwa kwa kitambaa, koleo, kipande cha nta kilicholika kikawa chembamba kama sabuni ya mwisho, na viraka vya turubai vya kijani cha kila aina. Harufu ikanipanda puani: nta, mafuta taa, mvua ya zamani, na vumbi ambalo si la Nairobi. Niliketi sakafuni. Nina watoto wakubwa sasa, nimefika umri wa kuitwa mama hata benki, lakini kwa ile harufu nilikuwa na miaka tisa tena.

Baba alikuwa fundi wa mahema. Wengi wetu tuliolelewa Kibera miaka ile tulikuwa na baba wa mjengo, baba wa kiwandani, au baba wa kutafuta tu. Mimi peke yangu nilikuwa na baba wa mahema, na sikujua kumweleza mtu kazi hiyo ni ya nini. Kila asubuhi alitembea kutoka Kianda, akapita pembeni mwa mtaa wa Ayany, akakata Ngong Road, akaenda kwa miguu mpaka Kawangware 46, kwenye karakana ya Mama Njoki. Mahema yenyewe hayakuwa ya harusi wala ya matanga. Yalikuwa mahema makubwa ya kampuni za safari, yenye madirisha ya wavu na vyumba vya ndani, mahali pa kulala wageni waliotoka ng'ambo kuja kutazama wanyama.

Jumamosi nilimpelekea chakula cha mchana. Nikifika, kama kulikuwa na hema limesimamishwa kukaguliwa, nilijipenyeza ndani nikaketi katikati. Jua lilipita kwenye turubai likawa kijani, mikono yangu ikawa kijani, na kelele zote za Kawangware zikawa mbali. Nilidhani huko safarini ndivyo kulivyo: dunia ya kijani, tulivu, ambayo baba yangu anaishona kipande kwa kipande.

Mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumwona alikuwa ng'ombe. Mbuga ya Nairobi ilikuwa ng'ambo ya Lang'ata tu, lakini kwetu ilikuwa mbali kama Ulaya. Kwa hiyo Mama Njoki alipoanza kumtuma baba kwenye kambi moja ya kusini, chini ya Mlima Kilimanjaro, kurekebisha mahema yaliyopasuliwa na upepo, nilimngoja arudi kama mtu anayengoja redio iwashwe. Alikaa huko wiki moja, wakati mwingine mbili. Akirudi alioga, akala bila haraka, kisha akasema jambo moja tu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

Jioni moja jambo lenyewe likawa hili: "Karibu na kambi kuna shule. Imejengwa na ndovu."

Mama akacheka kidogo, akamwongezea mboga. Yeye alielewa. Mimi sikucheka. Nililala nikiwaona ndovu wamepanga foleni na mawe, mmoja akikoroga simiti kwa mguu, na mkubwa wao amefumba jicho moja kukagua kama ukuta umenyooka, kama nilivyowaona mafundi wa mjengo wakifanya kule mtaa wa Olympic. Nilitengeneza mpaka ngazi za kupandia. Sikuona kasoro yoyote katika habari hiyo. Mtu anayeweza kushona nyumba kwa sindano, kwa nini asikutane na ndovu anayeweza kujenga?

Sisi wa rika hili tutakumbuka madarasa yale: watatu kwenye dawati moja, wa katikati hawezi kuandika wa pembeni asipohamisha kiwiko. Mwalimu wa Kiswahili alituambia tuandike insha kuhusu jambo la ajabu. Niliandika kurasa mbili. Ilimpendeza akasimama akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, nami nikavimba kama mandazi. Alipofika kwa ndovu wa kukagua ukuta, sauti yake ikaanza kutetemeka, na nilipomtazama nikaona anazuia kicheko.

"Manze, ndovu fundi wa mjengo!" akapiga kelele Ochieng', kijana wa ploti yetu aliyeketi nyuma yangu. "Na nani alikuwa kibarua? Twiga?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikasimama nikasema kwamba ni kweli, baba yangu ameiona.

"Basi buda yako ni muongo," akasema Ochieng', wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma saa.

Nilienda nyumbani na maneno hayo tumboni. Mama alikuwa akipepea jiko mlangoni, baba ameketi juu ya dumu la maji akifungua kamba za viatu. Sikusalimia.

"Baba, kwani wewe ni muongo?"

"Nekesa!" Mama aliacha kupepea. "Unamwambia nani hivyo?"

"Mwache aulize," baba akasema. Nilimweleza yote, insha, kicheko, twiga. Angeweza kunieleza kwa sentensi moja na mambo yakaisha. Badala yake aliuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Sijui," nikasema.

Niliona lile neno likimwingia. Alimaliza kufungua kiatu cha pili kabla hajasema, "Jumamosi naenda tena kule kwa wiki moja. Tutaenda na wewe."

"Na shule?" Mama akauliza. "Umtoe mtoto darasani umpeleke kwa simba?"

"Nampeleka shule, Mama Nekesa," akajibu. "Shule iko huko."

Kesho yake alienda mwenyewe kumwomba mwalimu ruhusa, amevaa shati lake la kanisani. Jumamosi tukapanda lori la kampuni, mimi katikati ya baba na dereva, nyuma yetu marundo ya turubai na nguzo za chuma. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Kadiri tulivyokwenda, majani yalizidi kuwa machache na anga ikazidi kuwa kubwa, mpaka nikaona kama tumebaki sisi na mbingu tu. Jioni nikaona wingu jeupe limekaa juu peke yake, na mawingu mengine yakipita mbele yake.

"Baba, kwa nini lile wingu halisogei?"

"Kwa sababu si wingu," akasema. "Ule ni mlima."

Niliinua macho, nikainua tena, na bado sikuwa nimefika kileleni. Nilishika mkono wa baba. Sijui niliogopa nini. Labda niliogopa kwamba kitu kikubwa hivyo kilikuwepo siku zote nilizokuwa nikicheza Kianda, na hakuna aliyenidokezea.

Kambini tulipokelewa na Lemayian, askari wa wanyama, kijana mrefu wa Kimaasai aliyevaa koti la kijani juu ya shuka nyekundu. Watoto waliokuwa karibu wakaja wakainamisha vichwa mbele ya baba, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Nilidhani anawapima homa. Lemayian aliponyoosha kiganja kwangu nikarudi nyuma.

"Siumwi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika magoti. "Hii ni salamu, mtoto wa fundi. Leta kichwa."

Alfajiri ya pili baba alifungua zipu ya hema letu taratibu mno, jino kwa jino. "Nekesa. Njoo polepole. Usiseme kitu."

Nilitoa kichwa. Nyuma ya hema ardhi ilishuka mpaka kwenye bonde dogo la mchanga. Nilitafuta mnyama, sikumwona. Niliona ukuta wa kijivu tu, wenye nyufa, kama kuta za udongo za kwetu. Kisha ukuta ukafumbua jicho. Jicho lilikuwa na kope ndefu, na lilikuwa la mtu anayefikiri.

Nilikuwa nikimtafuta, kumbe nilikuwa nikimtazama! Alikuwa ndovu jike mzee, sikio lake la kushoto limechanika hadi katikati, na nyuma yake wengine wengi, na chini ya tumbo lake mtoto aliyekuwa akikanyaga mkonga wake mwenyewe. Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Kibera hata paka akipita juu ya mabati utamsikia. Hawa walitembea na uzito wote ule kama vivuli, na nilichosikia ni majani makavu tu yakisuguana na ngozi zao.

Yule mzee alisimama katikati ya bonde. Akapiga mchanga kwa mguu wa mbele, akachimba, akainamisha mkonga ndani ya shimo, akanyamaza. Akatoa, akachimba tena mahali pale pale. Wengine wote walisimama wakimngoja. Hakuna aliyemharakisha. Alifanya hivyo mpaka jua likachomoza nyuma ya mlima, na shimo likamfika gotini, kisha akageuka polepole wakaondoka.

Nilikuwa ninalia bila sauti. "Baba, amezika nani pale?"

"Sijui, mama," akasema. "Lakini umeona vizuri."

Tulikuwa bado hatujanywa chai Lemayian alipokuja mbio, koti wazi. Usiku ule, kabla hawajafika bondeni, ndovu walikuwa wamepita shuleni. Walinusa maji kwenye tangi, wakaegemea ukuta kulifikia, ukuta wa darasa la mwisho ukaanguka.

Hivyo ndivyo nilivyoiona mara ya kwanza shule iliyojengwa na ndovu. Vyumba vitatu vya mawe vyenye mabati yanayong'aa, na cha mwisho kikiwa wazi kama mdomo uliong'olewa meno. Mawe yalilalia madawati. Tangi lilikuwa limekanyagwa likawa bapa, na mwalimu alikuwa amechuchumaa kwenye tope akiokota vipande vya chaki, akivipangusa kwa tai yake. Nilizunguka yale mawe nikitafuta alama za ndovu waliojenga. Sikuelewa. Karibu yangu alisimama msichana wa umri wangu, Sanaipei, kichwa kimenyolewa, sare yake ya buluu imefika magotini.

"Kwa nini wamebomoa kitu walichojenga wenyewe?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Ndovu. Si ndio waliojenga?"

Alinitazama juu mpaka chini. "Ndovu hawezi kubeba jiwe," akasema kwa Kiswahili cha vitabuni. "Wageni wanakuja kutazama ndovu. Wanalala katika ardhi yetu. Kampuni inalipa kwa sababu ya ardhi, wazee wetu wanakaa kikao, wanasema jengeni shule. Ndovu akiondoka, mgeni haji. Mgeni asipokuja, hakuna shule." Kisha, kwa huruma, "Kwenu Nairobi hawafundishi?"

Masikio yangu yakawaka. Basi Ochieng' alikuwa na haki ya kucheka. Nilimtafuta baba kwa macho nikamwona anasaidia kuinua mawe. Lakini aibu haikukaa, maana nyuma yake kulikuja jambo lingine lililonijaa mpaka kifuani. Yule mzee mwenye sikio lililochanika hakuwa amefanya chochote. Alikuwa ametembea tu, amekula majani, amezaa, amekuwa hai. Na kwa kuwa hai kwake, Sanaipei alikuwa na mabati juu ya kichwa chake. Ndovu wangu wa kukoroga simiti walikuwa hadithi ndogo sana mbele ya hiyo.

Kabla ya adhuhuri watu walijaa uwanjani. Wanaume walikuja na mikuki, si kwa mapambo. Alikuwepo meneja wa kambi, Bwana Dickson, mtu mnene mpole aliyekuwa akizungusha kofia mikononi. Aliyesema kwanza alikuwa mama yake Sanaipei. Alisema kwa Kimaasai, na Lemayian akatufasiria sisi wageni.

"Mwaka jana walimkanyaga ng'ombe wangu, nikanyamaza. Nilisema mtoto wangu atasoma. Leo ukuta umeanguka juu ya dawati lake." Alinyoosha kidole. "Ungeanguka mchana, saa hii tungekuwa tunafukua watoto."

Bwana Dickson alisema pole, akasema kampuni itajenga ukuta upya, akasema kiangazi ni kikali na wanyama wana kiu. Vijana hawakutaka kusikia. Walitaka ndovu wafukuzwe kwa mikuki mpaka ng'ambo ya mpaka, na mkataba wa kambi uvunjwe. Nilielewa kutokana na uso wa Lemayian kwamba kufukuza hakungekuwa kufukuza. Nilifikiria lile jicho.

Nilimvuta baba shati. "Yule aliyekuwa anachimba naye watamchoma mkuki?"

Baba alinitazama, kisha akamwinamia Lemayian akamnong'oneza. Niliona macho ya Lemayian yakigeuka. Akainua fimbo yake.

"Kuna mtoto hapa," akasema, kwanza kwa Kimaasai halafu kwa Kiswahili. "Leo asubuhi ameona kitu. Mtoto wa fundi, simama useme ulichoona. Usiongeze, usipunguze."

Nikasimama. Mara ya mwisho niliposema mbele ya watu, walikuwa wameanguka kwa kicheko. Baba hakunisukuma. Aliweka tu mkono mgongoni pangu, akauacha hapo.

"Alikuwa mkubwa, sikio limechanika," nikasema. "Alipiga mchanga kwa mguu. Akachimba, akaingiza mkonga, akangoja. Akachimba tena pale pale. Wenzake walimngoja. Kisha wakaenda." Nikakumbuka nimeambiwa nisiongeze, nikaketi.

Lemayian akageukia umati. "Pale alipochimba palikuwa na dimbwi. Sote tumekunywa pale. Hata kiangazi cha wazee wetu halikukauka. Lilikauka lini?"

Mama yake Sanaipei akajibu, taratibu, kama mtu anayefungua fundo. "Tangu walipotia bomba kwenye chemchemi ya juu, kupeleka maji kambini."

Manung'uniko yakaanza. Bwana Dickson akaacha kuzungusha kofia. "Wageni wanapenda kuoga maji ya kufungulia," akasema kwa sauti ndogo. "Lemayian aliwahi kuniambia. Nilifikiri mvua itakuja kabla haijawa shida."

"Mwulize," mama yake Sanaipei akamwambia Lemayian, "wageni wake wanatoka kwao kuja kuona nani? Bomba?"

Watu wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka, wala Bwana Dickson. Meneja alisimama pale na jua likimpiga upara, nami hata kwa utoto wangu niliona kwamba kusema "nilikosea" mbele ya mikuki si jambo jepesi. Alilisema. Akasema bomba litafungwa leo, maji yarudi bondeni.

"Na wageni wataogaje?" akauliza mmoja wa wapishi wake.

Baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu hata kanisani, akasafisha koo. "Nitawashonea mifuko ya turubai. Unatia ndoo moja ya maji moto, unaitundika juu, mtu anaoga vizuri. Na lile hema la kulia chakula, Bwana Dickson, ni refu kama darasa. Wageni wanaweza kula nje. Hawa hawawezi kusoma nje na jua hili."

Wazee walijadiliana kwa muda mrefu. Mwishowe wakatoa siku tano. Ndovu wakirudi kugusa shule ndani ya siku hizo, vijana wataachiwa wafanye wanavyotaka. Wasiporudi, mkataba utabaki.

Siku hizo tano ndizo nilizomjua baba yangu. Alihamisha lile hema kubwa kwa lori, akalisimamisha palipokuwa na ukuta, akakata madirisha mapya upande wa mlimani ili mwalimu apate mwanga wa kuandikia. Mimi nilipitisha uzi kwenye nta na kumpa, nikashikilia turubai livutike. Asubuhi niliketi na Sanaipei kwenye dawati moja, wawili tu, nikashangaa nafasi yote ile ya viwiko. Alinifundisha kuhesabu kwa Kimaasai. Mimi nilimfundisha kusema "poa", akawa anajibu kila swali la mwalimu kwa neno hilo. Jioni Lemayian alitupeleka bondeni. Siku ya kwanza mchanga ulikuwa mkavu. Ya pili ulikuwa umegeuka rangi. Ya tatu tulikuta maji ya kujaza sufuria moja, na ya nne dimbwi lilikuwa na anga ndani yake. Lakini nyayo za ndovu hazikuwepo. Hakuna aliyejua waliko, wala kama wangejua kwamba maji yamerudi, wala wangepitia wapi.

Siku ya tano walikuja mchana kweupe.

Mwalimu alikuwa ameandika nusu ya sentensi ubaoni. Nje mtu akapiga mluzi mfupi, halafu tukasikia miguu ya wanaume ikikimbia na chuma kikigongana. Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Tulikuwa watoto arobaini hivi, na hakuna aliyesogea. Baba alikuwa ndani, amepiga magoti kwenye kona akimalizia mshono wa dirisha la mwisho. Kupitia wavu nikawaona wakija kutoka kwenye miti ya migunga, vumbi likiwafika magotini, na mbele yao lile sikio lililochanika.

Walikuja moja kwa moja kuelekea kwetu. Nyuma ya madarasa vijana walikuwa wamepanga mstari, na mama yake Sanaipei alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, mkono mmoja kwenye nguzo, mgongo wake umetukinga. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Alikuwa anaomba, au anahesabu, sijui.

Yule mzee akafika. Kivuli chake kikaingia kwenye turubai kikalizima jua, na darasa zima likawa na rangi ya jioni. Tulisikia pumzi yake, ndefu, yenye unyevu, ikipanda na kushuka kwenye ukuta. Kisha turubai likaanza kubonyea kuelekea ndani. Alikuwa ameweka ncha ya mkonga. Alama yake ilitembea kwenye mshono, taratibu, kama kidole cha mtu anayesoma bila kuona, juu, chini, ikapita uzi nilioupaka nta kwa mikono yangu, ikasimama mbele ya baba.

Baba aliachilia sindano. Akainua mkono, akaweka kiganja juu ya lile bonyeo. Hakusukuma. Aliuweka kama Lemayian alivyouweka kwenye kichwa changu. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake nikamwona ana uso wa mtoto.

Walikaa hivyo, yeye na ndovu, katikati yao unene wa kitambaa.

Kisha bonyeo likanyooka. Kivuli kikasogea, jua likarudi, na mmoja baada ya mwingine wakapita kando ya hema, hata kamba moja hawakuing'oa, mtoto wao wa mwisho akikimbia kuwafikia. Wakashuka bondeni. Vijana walishusha mikuki mmoja mmoja, kama watu wanaoamka, na hakuna mkutano mwingine ulioitwa. Darasa la mawe lilijengwa upya msimu uliofuata, mbali na njia yao, na baba akaendelea kwenda kule kila mwaka mpaka macho yake yalipokataa sindano.

Lakini siku ile mwalimu alinyanyua chaki amalizie sentensi, na mama yake Sanaipei akageuka mlangoni akamwinulia mkono, angoje. Uso wake ulikuwa umelowa. Alikunja pazia la hema mpaka juu, akalifunga kwa kamba, tukaketi sote kimya tukiwasikia ndovu wakinywa.